Kanda Kumi na Mbili Ni Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mwenye mali. Kanda kumi na mbili za video! "Wapangaji wa Mzee Kisirani", kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho, bila pengo. Mwenye duka la kukodisha kanda anafunga duka. Nimemfanyia kazi wiki mbili, kurudisha nyuma kila mkanda kabla hajauza. Kanda mia nne na kitu. Leo akaniambia nichague ujira wangu rafuni. Sikuhitaji kuchagua. Nilishachagua tangu darasa la tano.

Kwa kumbukumbu: Mzee Kisirani ni mwenye nyumba. Kila wiki anajaribu kuwafukuza wapangaji wake, na kila wiki anaishia kuwabebea magodoro kuyarudisha ndani. Kilionyeshwa kwenye televisheni kabla sijazaliwa. Nimekiangalia chote mara tano. Kicheko changu ni cha ndani kwa ndani, lakini kipo.

Adui: Mjomba. Alikuja kukaa wiki moja. Huu mwezi wa nne. Anarekodi mpira juu ya mkanda wowote ulio karibu na mkono wake. Mahafali ya dada yangu yalikwenda hivyo. Dada anapanda jukwaani, ananyoosha mkono kupokea cheti, goli.

Mama anasema kama sitaki kanda ziguswe, nimwambie Mjomba. Kwa mdomo. Mbele yake. Mtu angedhani Mama hakunizaa yeye.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimebandika karatasi rafuni: TAFADHALI ZISIGUSWE. Bila jina, kwa heshima. Mjomba ameisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, akauliza nani kaandika. Nikatazama chumvi. Akasema kama hakuna aliyeandika, basi hakuna atakayekasirika.

Kanda za dukani huwa zimevunjwa kile kidude cha plastiki mgongoni, ili zisirekodiwe tena. Nilidhani hiyo ni ngome. Baada ya chakula nimemkuta Mjomba na selotepu, anaziba tundu la mkanda wa tatu huku akipiga mluzi. Nimeuchukua mkononi mwake nikasema nataka kuufuta vumbi. Nimeufuta vumbi mpaka mechi ikaisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mbinu mpya! Mjomba haogopi mtu, ila anaogopa ofisi. Akiona bahasha yenye muhuri anatokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo nimebandua lebo zote kumi na mbili, nikabandika nyingine kwa mwandiko ulionyooka: SEMINA YA UFUGAJI WA NYUKI, SEHEMU YA 1 mpaka 12. MALI YA OFISI YA KILIMO.

Mjomba ameshika Sehemu ya 1, akasoma, akairudisha kwa vidole viwili. Ameuliza kanda zangu za vichekesho ziko wapi. Nikasema sijui. Ameenda kusikiliza mpira redioni. Ushindi!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Msiba.

Amekuja Mwalimu, jirani yetu mstaafu. Alimfundisha Mama, akanifundisha na mimi. Siku hizi ni mwenyekiti wa ushirika mpya wa wafuga nyuki: wanachama thelathini, mizinga kumi na mmoja, nyuki bado. Alikuja kuazima ngazi. Akaona rafu. Akashika kifua.

Amesema wameandika barua tatu kuomba mafunzo, kumbe mafunzo yako nyumba ya pili. Akauliza nani kayaleta. Mjomba akajibu kwamba ni mimi, si nimemaliza shule, labda nimeshapata kazi ofisini na ninaficha. Mama akanitazama kwa fahari. Kwa fahari! Tangu nimalize mitihani Mama hajanitazama hivyo.

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu: si nyuki. Nikasema karibu tena, Mwalimu. Ameondoka na kanda zote kwenye toroli. Ngazi ameisahau.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilijipa moyo: wataangalia dakika tano, watarudisha. Alasiri nimepita nyuma ya ukumbi wa ushirika, nikasimama chini ya dirisha. Watu thelathini wanacheka mpaka mabenchi yanalia.

Mwalimu amenikuta getini. Shikamoo, marahaba. Amesema semina ni nzito. Wamefika Sehemu ya 4 na nyuki hawajatokea, lakini yeye ameshaielewa mbinu ya mwandishi: kwanza wanafundishwa makazi. Mwenye nyumba ndiye mfugaji, wapangaji ndio kundi, na funzo ni kwamba kundi halifukuzwi kwa nguvu. Ameshajaza kurasa kumi na moja za daftari. Akanisomea tatu.

Nikasema ni kweli, Mwalimu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mambo yameharibika zaidi. Katibu wa ushirika amepiga muhuri kwenye kasha la kila mkanda. Hoja yao: Ofisi ya Kilimo ni ya wakulima, wao ni wakulima, basi kanda ni zao. Fundi seremala, ambaye ni mwanachama, anatengeneza kabati lenye kufuli. Kesho wanaangalia Sehemu ya 12, kisha zote zinafungiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Vizazi vijavyo! Na mimi niliyesota kuzirudisha nyuma?

Nimeandika barua ya Ofisi ya Kilimo kudai kanda zirudishwe haraka. Nimeipitisha chini ya mlango wa Mwalimu, nikakimbia. Saa kumi ameileta mwenyewe kwetu. Amesema amefundisha watoto kuandika miaka thelathini na tano, na kwamba barua ya ofisi isiyo na muhuri ni salamu tu. Akanitazama. Nikamletea ngazi aliyoisahau.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekwenda. Nimekaa benchi la mbele, kwa sababu ya nyuma yalikuwa yamejaa. Kanda kumi na moja kabatini, funguo shingoni kwa Katibu, mkanda wa kumi na mbili juu ya deki. Kwenye mikutano yao ajenda ya "mengineyo" huja mwanzo, maana ikija mwisho watu wameshaondoka. Mwalimu akauliza kama kuna mengineyo. Mkono wangu ukanyanyuka. Niliutazama kama wa mtu mwingine.

"Kanda hizo ni zangu," nikasema.

Katibu akasema lebo haisemi hivyo.

"Lebo niliandika mimi."

Mwalimu akavua miwani. "Na nyuki, mwanangu?"

"Hakuna nyuki, Mwalimu. Mpaka mwisho hakuna."

Akalifunga daftari taratibu, na hapo nikatamani ardhi inimeze. Lakini fundi seremala akasimama nyuma, akakiri kwamba alijua tangu Sehemu ya 2, Mzee Kisirani alipotumbukia kwenye tangi la maji. Alinyamaza asije akaharibu. Mwingine akasema naye alijua. Ikaonekana wote walijua, isipokuwa Mwalimu. Katibu naye alijua, na muhuri akapiga.

Mwalimu akaniuliza kwa nini niliandika vile. Nikasema niliandika ili mtu asizitake. Wakacheka kuliko walivyomcheka Mzee Kisirani. Sikutazama chini. Naandika hili kwa wino: sikutazama chini!

Mwalimu akaamuru nipewe mali yangu. Kisha, kwa sauti ndogo, akaomba waruhusiwe kuona mwisho.

"Hapana," nikasema. Neno lenyewe ni dogo, ajabu. "Mpaka nibonyeze mimi."

Nimebonyeza mimi. Nimekaa kando ya deki mpaka jina la mwisho likapita. Mwalimu amecheka mpaka akafuta machozi kwa tai. Pale Mzee Kisirani anapobeba godoro la mwisho, amefungua daftari tena na kuandika kitu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kanda zote nyumbani. Kumi na mbili, zimehesabiwa, zina mihuri.

Kabla ya saa nne wamekuja Katibu, fundi seremala na mke wa fundi seremala, kila mmoja kwa wakati wake, kuazima kwa adabu. Nimejificha bafuni mara tatu. Mjomba naye ameshasikia kwamba nyuki ni uongo na ofisi ni uongo. Anatembea na selotepu kwenye mfuko wa shati.

Mama anasema niwaambie hapana, kama jana. Lakini jana ilikuwa dharura. Mtu hawezi kuishi kwa dharura.

Nimefikiri sana, nimegundua kosa lilikuwa wapi. Lebo zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa nyuki! Asali inavutia watu. Nilipaswa kuchagua jambo ambalo hakuna mtu hapa mtaani anayelihitaji. Nimeshabandua za zamani na kubandika mpya, na kwa kuwa mihuri ipo tayari zinaonekana rasmi kuliko mwanzo: UCHIMBAJI WA VISIMA, SEHEMU YA 1 mpaka 12. MALI YA IDARA YA MAJI.

Gundi inakauka vizuri. Bomba la mtaa limekauka pia tangu alfajiri, na watu wamepanga foleni ya ndoo mpaka mlangoni kwetu, Mwalimu akiwa wa kwanza. Mama amewakaribisha ndani wapumzike. Wamekaa karibu na rafu.