Nilivyomdai Mama Pasta

Jamani, leo sina uso. Nimeumaliza mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa "watu wetu hawajui kutunza pesa". (Ndiyo, mimi. Nyamazeni.) Sasa kuna rafiki yangu wa kwaya, Josephine wa mji wa Fridley. Miezi mitatu iliyopita gari lake liliharibika, akanililia, nikamkopesha dola mia mbili kwa app ya simu. Kufika, sekunde tatu. Kurudi sasa! Kila nikimuuliza, "Wiki ijayo, dada." Wiki ijayo yenyewe anaposti kucha mpya.

Leo mchana niko break, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku ughaibuni, hapa Hopkins. Nakuta ameposti tena. Viatu! Damu ikanichemka. Nikafungua app, nikaandika "Josephine", nikabonyeza la kwanza lililotokea. Kiasi: dola mia mbili. Sababu? Hapo nikajimwaga: "Rudisha pesa yangu. Jumapili unaimba umefumba macho, Jumatatu unajificha. Mnafiki wee!"

Tuma. Nikaendelea na sambusa yangu, roho nyeupe.

Dakika tano hazijaisha, simu inalia. Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu. Mkongomani mpole, hajawahi kumkemea hata nzi. Naye pia anaitwa Josephine. (Nilikumbuka hapo hapo. Asante sana, ubongo.)

"Pardon, binti yangu," anasema. "Nimekulipa sasa hivi. Lakini nilikukopa lini? Nimesahau kabisa."

Nyuma yake namsikia Pasta: "Mama, ulikopa bila kuniambia?"

Nikaweka sambusa chini. "Hapana, Mama! Si wewe! Ni Josephine mwingine!"

"Mwingine yupi? Huyu wetu wa kwaya?"

Wacha nikate simu nijifiche! Nikarudi kwenye app kufuta. Kumbe ule upuzi huonyesha marafiki wako wote ulichoandika, usipoufunga. Nusu ya kanisa wameshasoma. Na wa kwanza kutoa maoni ni nani? Josephine wa Fridley: "Pole sana Mama yetu. Huyu dada, pesa zimemharibu roho."

Mdaiwa wangu! Na watu kumi na wanane wameshampa alama ya moyo!

Nimemrudishia Mama Pasta hela yake, nikampigia tena, nikamwomba msamaha nimepiga magoti kwenye chumba cha kufulia, na sare ya kazi. Amenisamehe. Kanisa zima, sijui.

Kesho ni Jumapili. Anayejua kanisa lolote kule mbali Lakeville, wasikonijua, tafadhali, anitumie anwani.