Utando Mweusi wa Bati

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Utando wangu wa kunasa jua umepauka tena. Asubuhi ulikuwa mweusi tii juu ya kioo chake. Nikafungua sanduku langu la gesi, lile linaloukinga na hewa, niutazame kidogo, hewa ikaingia, ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo shida ya kutengeneza umeme wa jua kwa madini ya bati badala ya madini ya risasi. Risasi ni sumu, sawa, lakini haina madeko! Ijumaa mkuu wa maabara anapima kioo cha kila mmoja wetu, na ajira ya kudumu ni moja tu. Mama mkwe nilishamwambia nimeipata. Ameutangazia ukoo mzima.

Jumatano, 5 Machi
Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, ana kioo kinachotoa umeme maradufu ya changu. Anapiga mluzi makusudi. Alipokwenda kunywa chai nikakichukua, nikamwachia changu kipya kwenye sanduku lake, upesi kabla hewa haijakipausha. Vyote vyeusi, nani atajua? Nimemnunulia mke wangu viatu. Kaniuliza nimefanya kosa gani.

Ijumaa, 7 Machi
Siamini! Kioo kikatoa umeme, mkuu akanipongeza, kisha akapima sumu. Risasi tupu! Miwani akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba kile ni chake, cha kulinganishia tu, alikitengeneza kwa risasi makusudi, kama wanavyofanya wote humu. Wote isipokuwa mimi, niliyeona ni kupoteza muda.

Wakapekua sanduku lake bila kulifungua, kwa zile glavu ndefu zilizoshikizwa ubavuni mwake. Maajabu! Kioo changu kimo, na alama yangu pembeni, cheusi vilevile. Mkuu akadhani vioo vimechanganyika. Akasema hajaona bati likivumilia hivyo, kirudishwe sanduku langu bila kuguswa na hewa, atakipima tena Jumatatu. Kikiwa hai, ajira ni yangu. Miwani akaninong'oneza kwamba kimepona kwa sababu kilikaa mbali nami. Ana wivu huyu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeingia maabara peke yangu. Nilitaka picha tu, nimtumie mama mkwe. Glavu za sanduku zinaziba picha, nikafungua mlango wake kidogo. Picha ya kwanza, utando mweusi tii, raha tupu! Ya pili, mh. Ya tatu, chai ya maziwa.

Nimekaa sakafuni. Hewa ya jengo hili ina kasoro, nitalalamika! Ila nikiwa pale chini nimeona sanduku la Miwani. Ana kioo kingine, cheusi kweli kweli.