Mashindano ya Saa za Setilaiti Mapera

Zabron hakuwa na kikohozi, lakini kila Alhamisi alikaa kwenye benchi la nje ya zahanati akisubiri dawa ya kikohozi. Wengine huenda sokoni kujua bei. Yeye alikuja hapa kujua watu wanasumbuliwa na nini.

Alhamisi hiyo, dirishani, daktari alikuwa akimhutubia Mzee Romanus.

"Presha imepanda, sukari nayo inakuja nyuma. Utembee, mzee."

"Nitembee kwenda wapi, daktari?"

"Popote."

"Mtu mwenye akili zake aende popote?"

Mwingine akaingia, akaambiwa atembee. Na mwingine. Zabron akakaa wima. Malipo ya pili ya kahawa yalikuwa yametoka, wakulima wana fedha mfukoni, na hapa kijiji kizima kilikuwa kikiamriwa kutembea bila kujua kiende wapi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya afya. Kwa Zabron ulikuwa wito. Akaondoka bila dawa, amepona kabisa.

Jumapili, misa ilipotoka, meza ilikuwa tayari nje ya uwanja wa kanisa. Kando yake ilisimama pikipiki ya Zabron, nyekundu, imepakwa mafuta hadi kwenye spoku. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee alichokinunua kihalali, na kwa sababu hiyo alikipenda kupita kiasi. Mezani zilipangwa saa za mkononi. Alikuwa amezikusanya Songea ndani ya mfuko wa salfeti, zinafanana kama njiti za kiberiti kimoja, ila mikanda.

"Wapendwa," alianza, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza, "kuna saa na saa, ila zote haziingii maji. Hii ya mkanda mweusi ni ya bei ya chini: inahesabu mwendo, basi. Hii ya bluu ni ya kati: inahesabu mwendo na inautambua mlima. Na hii nyekundu..." Akavua kofia. "Hii inaongea na setilaiti ana kwa ana."

"Kwani hiyo nyeusi haiongei nayo?" aliuliza Mzee Romanus.

"Inaongea, mzee. Ila kwa kupitia jirani."

Mzee Romanus hakuwa mtu wa kununua mbuzi bila kumfungua mdomo. Akavaa zote tatu mkono mmoja, akalizunguka kanisa. Aliporudi, kila saa ilikuwa na jibu lake. Watu wakaanza kunong'ona.

"Mmeona?" alipaza sauti Zabron, kama aliyekuwa akiomba jambo hilo hilo litokee. "Zingekuwa na jibu moja, mngelipa bei tofauti za nini?"

Watu wakaona aibu kwa kushuku, wakapanga foleni. Ili foleni isikatike, Zabron akatangaza mashindano: Jumamosi ijayo, ambaye saa yake itaonyesha ametembea mbali kuliko wote ataondoka na pikipiki hii. Akamkabidhi ufunguo Katekista Eusebius, mwamuzi ambaye hakuwa ametabasamu tangu apewe funguo za sakristia.

"Kanuni ni moja," alisema Zabron. "Saa ndiyo hakimu. Ikishasema, binadamu hapingi."

Wa mwisho kufika mezani alikuwa Mama Otilia, kiongozi wa kikundi cha akina mama wakulima, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kikundi chetu kinataka saa moja. Hiyo nyeusi."

"Moja? Itavaliwaje na kikundi kizima?"

"Kwa zamu."

Zabron akamwonea huruma, akampa.

Maana pikipiki haikuwa inakwenda kwa mtu. Zabron peke yake alijua kwamba saa zile hazikuwahi kusikia habari za setilaiti. Ndani yake mlikuwa na kidude kinachohisi mkono ukirushwa. Kila mrusho kinauita hatua. Saa mojawapo alikuwa ameituma Lituhi, kando ya ziwa, kwa binamu yake Jastin, mvuvi. Jioni akampigia simu.

"Jastin, ingia kwenye mtumbwi, piga kafi wiki nzima."

"Naelekea wapi?"

"Usielekee popote. Zunguka."

Wiki ile kijiji cha Mapera kiliona maajabu. Daktari angelia. Mzee Romanus alimvalisha mbwa wake saa nyekundu na kumwambia atembee, mbwa akalala. Kilabuni wanaume walikunywa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipunga hewani kana kwamba wanaaga treni. Kutembea hakutembea mtu.

Jumamosi, Katekista Eusebius akaanza kukagua. Wapunga mikono wakaonekana wamefika Mbinga mjini. Mbwa wa Mzee Romanus alikuwa ameishia mlangoni. Zabron akatulia, akamwangalia Jastin akishuka kwenye lori, amevimba mabega.

Eusebius akainua mkono wa Jastin, akautikisa. Ndani ya kioo cha saa, maji yakacheza. Namba hazikuwepo.

"Si ulituambia haiingii maji?" aliuliza Mzee Romanus.

"Ya mvua haiingii," alisema Zabron. "Ziwa hatukuliongelea."

Ikaletwa ile nyeusi ya kikundi cha akina mama. Eusebius akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akaagiza ramani ya shule iletwe, akapima kwa rula.

"Kwa mujibu wa saa hii," alisema taratibu, "Mama Otilia yuko Dodoma."

Ulikuwa msimu wa ngoro, yale mashimo ya miteremkoni ambayo hayachimbwi na mtu mmoja. Akina mama huanza kwa huyu, wakimaliza wanahamia kwa yule, jembe likipanda na kushuka hadi mteremko mzima uwe kama sega la nyuki. Mkono uliochoka uliikabidhi saa kwa mkono unaoshika jembe. Saa haikupumzika hata kunywa uji.

"Haiwezekani!" Zabron aliruka. "Huyu mama alikuwa shambani wiki nzima!"

"Sijakataa," alisema Mama Otilia. "Lakini setilaiti inasema nimefika Dodoma. Wewe na setilaiti, nani yuko juu?"

Mzee Romanus akasimama. Nyuma yake wakasimama wote walionunua, wengine na fimbo.

"Zabron, mwanangu. Unataka kutuambia saa zinadanganya?"

Zabron akaitazama pikipiki. Akazitazama fimbo. Akazifikiria mbavu zake, ambazo nazo alikuwa nazo kihalali.

"Hazidanganyi, mzee," alisema kwa taabu. "Nilishangaa tu mama hajachoka."

"Nimechoka," alisema Mama Otilia akipokea ufunguo. "Dodoma ni mbali."

Faida ya saa zote haikutosha kununua hata nusu ya chombo kile. Zabron akajaribu mara ya mwisho. "Mama, kuendesha hamjui. Niajirini niwabebee maharage."

"Tumeshapata mtu."

Jastin alikuwa juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani.

"Jastin! Damu yangu!"

"Binamu, wiki nzima umenizungusha majini nisiende popote," alisema Jastin, akiwasha. "Hawa angalau wananituma mahali."

Ndipo katika mashindano yote ya kutembea akapatikana mtu wa kutembea. Zabron aliteremka milima kuelekea ziwani kwa miguu, tope hadi magotini, mikono yote miwili kichwani kama mfiwa. Alasiri, ziwa lilipoanza kuonekana chini, akaushusha mkono, akaitazama saa yake nyekundu ajipe moyo.

Kwa mujibu wa saa, alikuwa bado hajaondoka Mapera.