Barabara Ipite Kwangu

Jumatatu, 7 Julai 1975

Habari njema. Kijiji kinapanda mlimani! Mwenyekiti wetu, Mzee Waitara, ametangaza kuwa nyumba mpya za ujamaa zitajengwa mteremkoni, juu ya mashamba. Imebaki barabara ya kupandia. Njia ziko mbili. Moja inapita kwa Matiko, fundi baiskeli. Nyingine inapita mbele ya baraza yangu mimi, Athuman, fundi cherehani pekee Itiryo yote aliyejifunzia kazi Tarime mjini.

Sioni cha kujadili. Kila apandaye na kila ashukaye ataona suruali zangu zimetundikwa. Lakini Matiko naye anataka ipite kwake. Uroho gani huu! Mwenzangu anawaza pancha tu, hawazi kijiji.

Nikamweleza mke wangu Kuruthumu. Akauliza kama mimi nawaza kijiji au suruali. Nikamwambia wanakijiji huvaa suruali.

Jumanne, 8 Julai

Mkutano. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema barabara ya wananchi iwe pana, inyooke, isiwe na kona hata moja, na asiruhusiwe mtu kuizuia kwa ubinafsi wake. Makofi! Hata katibu alipiga.

Matiko akasimama polepole, kama kawaida yake. Akasema njia ya kwangu ni fupi lakini ni kali, mawe matupu. Ya kwake inazunguka, ila ng'ombe wanaiweza na wajawazito wanaiweza. Akamtaja Regina, mke wa mwanawe, ambaye siku zake zimekaribia. Akina mama wote wakaguna kumuunga mkono. Kuingiza mimba kwenye hoja ya barabara! Siasa chafu.

Mzee Waitara akatutuliza. Alhamisi atakuja bwana wa barabara kutoka wilayani, na Landrova. Atazitazama njia zote mbili, na atakalosema ndilo.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo. Mfereji wa chemchemi unapita juu ya njia ya Matiko. Ukizibwa kwa majani ya mgomba na udongo, maji yatashuka njiani. Kidogo tu. Unyevu. Bwana wa barabara ataona tope, atatikisa kichwa, atakuja kwangu. Hakuna wa kuumia.

Kesho alfajiri, baada ya sala. Katika dua sitataja tope.

Alhamisi, 10 Julai

Nimechoka hadi mifupa.

Alfajiri niliziba. Maji hayakushuka kidogo. Yalishuka kama yaliyokuwa yananisubiri miaka yote! Nikakimbilia kuzibua, jembe likateleza, ukingo mzima ukaporomoka. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye cherehani, nikashona kwa bidii. Nilishona mdomo wa mguu wa suruali hadi ukaziba.

Saa nne Landrova ikafika. Bwana wa barabara, mtu mwembamba mwenye kofia, alipanda kwa njia yangu kwanza. Alipofika juu, akina mama wakamjia mbio. Regina, aliyekuwa kwenye kibanda cha shamba lao huko juu, ameshikwa na uchungu tangu usiku, na mtoto hashuki. Apelekwe zahanati, kule chini barabara kuu. Bwana yule hakusita. Akampakia, akashuka kwa njia ya Matiko kwa kuwa ndiyo isiyo na mawe.

Akazama. Hadi mlangoni! Julai, kiangazi, Landrova imezama kama kiboko!

Tukasukuma. Ikazidi kukaa. Regina ndani analia. Sauti ile sitaki kuisikia tena maishani. Hapo barabara ikanitoka kichwani kabisa, naapa. Nikajisikia napiga kelele, "Leteni kitanda! Tumbebe!"

Tukambeba. Matiko kona moja ya mbele, mimi nyingine, vijana nyuma, tope magotini. Njia nzima Matiko aliniita kama kijana wake, "Taratibu, mura. Taratibu." Bega langu limechubuka kama gome la mti. Jua lilipokuwa utosini mtoto akalia. Wa kike. Mama mzima. Matiko akakaa chini nje ya zahanati, mtu mzima yule, akalia mbele za watu. Nikatazama pembeni. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni. Ingawa siku yenyewe ilikuwa ya tope.

Nyumbani Kuruthumu alitazama jembe. Akatazama miguu yangu. Akaliosha jembe.

Ijumaa, 11 Julai

Matiko ameleta jogoo. Amesema kijiji kizima kimeona bega langu, na kwamba alinidhania vibaya. Nikamwambia yamekwisha.

Tulimpika. Kuruthumu hakula. Alisema kuku wa shukrani hapiti koo katika nyumba ya aliyeleta dhiki. Sikuelewa anamsema nani. Nilikula na fungu lake.

Halafu habari kubwa! Landrova imevutwa na ng'ombe, na bwana wa barabara amesema njia ile haifai, ina chemchemi iliyojificha chini, ndiyo iliyobomoa ukingo wa mfereji. Wazee wamekubali: mlima umekataa. Barabara itapita kwangu! Nimeshinda, na bega ninalo la ushahidi kwamba ni mtu mwema.

Jumamosi, 12 Julai

Vigingi.

Nilidhani vitapita mbele ya baraza. Vimepita juu ya baraza. Vimepita sebuleni, na kimoja kimesimama chumbani, palepale ninapoweka kichwa nikilala. Nikamwambia bwana wa barabara labda kona ndogo. Ndogo sana. Mzee Waitara akanishika mkono akanikumbusha, kwa upole, maneno yangu ya mkutanoni: inyooke, isiwe na kona, asiizuie mtu kwa ubinafsi wake. Alikuwa ameyahifadhi yote! Waliosimama pale wakapiga makofi tena.

Nami nikapiga. Ningefanyaje?

Jumatano, 16 Julai

Tumehamia mlimani, kwenye kibanda cha muda, wa kwanza kabisa. Matiko alijitwika cherehani yangu kichwani mwenyewe, mawe yote yale, akakataa kupokewa. Kiwanja chake kiko mkabala na changu. Regina alipita na mtoto. Kuruthumu akampakata muda mrefu. Upepo ni mzuri huku. Chini kule wanachimba barabara mahali palipokuwa kitanda changu. Itakuwa barabara nzuri, lazima nikiri.

Jioni Kuruthumu akaniuliza, taratibu, nimejifunza nini katika haya yote. Nikafikiri kweli. Nikamjibu kwamba maji si kitu cha kuaminika. Akanitazama, akaingia ndani.

Mzee Waitara kapita kutujulia hali. Kasema duka la ushirika litajengwa huku juu: ama pembeni kwangu, ama pembeni kwa Matiko. Watakagua ardhi Jumatatu, isiwe na maji wala mchwa. Nimekwenda kupatazama kwa Matiko. Pakavu, pametulia, hapana hata mchwa mmoja.

Kesho alfajiri nakwenda kutafuta kichuguu.