Ombi la Kusitisha Somo la Kukagua Tovuti Mpaka Goti Langu Lipone

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Kosa la watu wengi wanaoandika barua za malalamiko ni kuanza na hasira. Mimi nitaanza na goti lako. Siku ya kikao cha wazazi nilikuona ukipanda ngazi huku umeshikilia ukuta, nami mgonjwa wa goti namjua mwenzangu kwa mbali. Ndiyo maana nilikuletea ule mfuko wa kwanza wa majani kutoka kwenye ua wangu, kabla hata sijajichumia ya kwangu, maana ndivyo nilivyolelewa. Ikiwa mitihani imekubana hujaanza kuyachemsha, tafadhali usichelewe.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe. Mkutubi wenu amewafundisha watoto wa darasa la saba kukagua tovuti kabla ya kuziamini. Kila mmoja amepewa kadi yenye maswali manne: Nani ameandika? Ameandika lini? Amejuaje? Nani mwingine anasema hivyo? Somo lingeishia kwenye tovuti, nisingeshika kalamu. Lakini mjukuu wangu ameibandika kadi yake kwenye mlango wa kabati la vyombo, na madhara yake nayaeleza kwa utaratibu.

1. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa naeleza, kama ninavyoeleza mara kwa mara, jinsi nilivyoshinda mbio za shule nikiwa na umri wake. Mtoto akauliza kwa adabu zote, "Babu, nani mwingine anasema hivyo?" Tukampigia simu mdogo wangu. Anazikumbuka mbio hizo vizuri sana. Hata mimi ananikumbuka, nimekaa pembeni nikiwashikia wenzangu viatu. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza, na tuliishi kwa amani.

2. Maradhi yameambukiza. Bibi yake naye ameanza kuitumia kadi kwenye suala la bomba la jikoni linalovuja. Nikisema nitalitengeneza, anauliza habari hiyo ni ya lini, na ilihuishwa lini mara ya mwisho.

3. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akija kila Jumamosi kuniuliza mambo: maneno magumu ya redioni, fomu za serikali, sababu za mvua kuchelewa. Nilikuwa namwekea kiti kabisa. Jumamosi iliyopita alinipa shikamoo, akapita, akauliza, "Mtoto yupo?" Kiti bado kipo barazani. Hili, Mwalimu, silifanyii mzaha.

4. Tiba ya goti niliipata kwenye tovuti moja nzuri, ya kijani, yenye picha ya daktari mwenye koti jeupe na tabasamu la kutuliza. Majani yaliyoelezwa yalikuwa palepale kwenye ua wangu. Juzi nilichemsha, nikamimina kikombeni, nikawa nasubiri kipoe. Mjukuu akaipitia tovuti kwa kadi yake. Mwandishi hana jina. Tarehe hakuna. Daktari yuleyule mtoto alimkuta kwenye tovuti nyingine akiuza matairi. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu anaweza kuwa na kazi mbili.

Ndipo akaniuliza kama, katika miaka yangu thelathini na moja ya ukaguzi wa mizani, nikizunguka madukani na mawe yangu mwenyewe ya kupimia, niliwahi kuipitisha mizani kwa sababu imepakwa rangi nzuri. Nikainuka kutafuta miwani niisome tovuti upya. Nikiwa bado natafuta, akamwaga kikombe kwenye sinki.

Kwa hayo, naomba somo lisitishwe. Ikishindikana, shule itoe cheti chenye muhuri kwa kila babu na bibi, kinachothibitisha kwamba mwenye cheti si tovuti na hapaswi kukaguliwa, hasa wakati wa kula.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na mkutubi pia, ila yeye msalimie kwa sauti ya chini.

Ni mimi,
Babu wa yule mwenye maswali,
Mkaguzi wa Mizani (mstaafu)

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mjukuu amerudi kutoka kwa mfamasia, alikokuwa amepeleka jani moja. Mfamasia anasema mmea ule hupandwa kwa uzuri tu. Ukinywewa, moyo huanza kwenda mwendo wake wenyewe. Sasa naelewa kwa nini mbuzi wa jirani, waliokula hata kamba ya kuanikia nguo, hawajawahi kuugusa ua wangu. Swali la nne walikuwa wameshalijibu wao.

Ombi langu nimelifuta. Somo lijalo niwekeeni kiti cha mbele, masikio yangu si mazuri, na cha pili cha fundi cherehani. Barua hii anakuletea mjukuu mwenyewe, mbio, na mbio zake zina mashahidi. Ule mfuko wa majani utupe leo, kabla hujabandika maji jikoni.