Chumba cha Tisa na Waya Mgonjwa

Jumatatu, 4 Agosti

Profesa Chakladar amestaafu! Kapewa shali, shada la maua na hotuba ndefu, kaondoka na mwavuli wake. Chumba cha Tisa kiko wazi. Dirisha linatazama bwawa. Kiyoyozi kinafanya kazi. Mlango unafungika! Mimi nakaa na Kaberi Sannigrahi, mhadhiri mwenzangu, pamoja na mashine mbovu ya fotokopi, katika chumba ambacho paa lake linavuja juu ya kiti kimoja tu. Kiti changu.

Nikaenda mbio kwa Profesa Lahiri, mkuu wetu wa idara. Nikamkumbusha mama wa watu, kwa heshima zote, kwamba mimi ndiye mkongwe. Akajibu kuwa hata fotokopi ni kongwe. Kaberi naye amekiomba chumba hicho, kwa hiyo kitaamuliwa na Waya Mgonjwa.

Waya Mgonjwa ni waya wa simu wa zamani, unatoka ofisi kuu, unapita kando ya bwawa, unaishia maktaba. Mvua za Kolkata zikianza, unalowa. Ukiingiza sentensi huku, kule inatoka imeng'atwa. Idara nyingine wangeshaung'oa. Sisi tunaupenda. Kazi yetu ni kufundisha namna ya kufikisha ujumbe salama penye kelele, sasa bila kelele tutafundisha nini?

Masharti: Jumatano ya wiki ijayo Profesa atatuma ujumbe mmoja. Kila mmoja wetu ataufunga kwa mbinu yake, na mashine yake kule maktaba itaufungua. Tunaruhusiwa kuongeza herufi za ziada za kusaidia kusahihisha makosa, ila ujumbe usizidi mara mbili ya urefu wake. Atakayeupata bila kosa anachukua chumba.

Nimekuja nyumbani naimba. Mke wangu Suchi akauliza nimekula nini.

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu yangu ya miaka yote imekufa! Mimi hutuma kila herufi mara tatu, kule upande wa pili zinapiga kura. Mbili zikisema A na moja ikisema K, ni A. Demokrasia safi. Lakini mara tatu hairuhusiwi. Na ukituma mara mbili tu, moja inasema A, nyingine K, hakuna wa kuamua. Unajua kuna mwongo, humjui ni nani. Ndivyo tulivyo mimi na Suchi kuhusu nani aliacha feni inazunguka.

Nikamwomba Profesa alegeze sharti kidogo. Kasema kama nataka mteremko niende nikaombe kazi kwenye idara ya historia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempeleleza Kaberi. Sikuwa na haja ya kujificha, meza zetu zimegusana. Binti anachanganya herufi zake kama karata kabla ya kuzituma! Nikacheka. Hakununa, akanieleza taratibu kama vile mimi ni mwaka wa kwanza. Eti pampu ya bwawa ikiwaka, kelele haiumi herufi moja hapa na moja pale, inameza pande zima kwa mpigo. Ukiwa umezitawanya herufi jirani kabla, ukizirudisha mahali pake lile pande linakuwa vitobo vidogo vidogo huku na huku, na kitobo kidogo herufi za ziada zinakiziba. Akaniambia, "Nirupam-da, hata demokrasia yako ingekufa hapo. Wapiga kura wako wote watatu wanakaa nyumba moja."

Maneno makali kwa mtu anayemwita mwenzake kaka. Nimemwambia anajichosha bure.

Kisha nikamfuata Haradhan, mhudumu wetu, anayeshika funguo zote, chai na pampu. Nikamwomba siku ya mashindano aiwashe pampu kwa nguvu zote, nitamletea samaki hilsa wa kukaanga kutoka kwa Suchi. Akasema pampu huwashwa samaki wa bwawani wakikosa hewa, si wahadhiri wakikosa. Kisha akauliza huyo hilsa ana mayai au hana. Tumeelewana.

Baadaye njiani nikakumbuka kwamba pampu itanimeza na mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

NIMEPATA!

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kazini, nimelowa, nikafungua mdomo. Suchi akanikatiza kabla sijatoa neno. "Baba Jhinuk, usijisumbue. Unataka chai, umemchukia Kaberi, na miguu inakuuma." Yote sahihi. Nilisimama pale mlangoni kama nimepigwa na umeme. Hii si ndiyo nadharia yenyewe ninayowafundisha wale watoto wanaosinzia? Jambo unalolijua tayari si habari. Linalotarajiwa halina haja hata ya kutumwa!

Sasa, Profesa Lahiri hutuma nini siku zote? Kwenye ubao, kwenye simu, kwenye majaribio yote ya Waya Mgonjwa tangu nilipoajiriwa? Sentensi ileile: "Kikao cha idara saa kumi. Chai itakuwepo." Hajawahi kubadilisha hata nukta. Kwa hiyo mashine yangu haina haja ya kuhangaika na kelele. Wayani kutoke chochote, mlio, mkoromo, chura, yenyewe ichape: Kikao cha idara saa kumi. Chai itakuwepo.

Huu si wizi. Ni elimu ya juu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi maktaba. Profesa akatuma ujumbe wa majaribio. Ujumbe gani? Uleule! Mashine ya Kaberi ilifikiri kidogo, ikatoa sentensi kamili. Yangu haikufikiri. Ilichapa papo hapo, safi, kila herufi inang'aa. Wahadhiri wenzetu wakapiga makofi. Nikainama kama mwimbaji.

Kaberi hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini ya meza yangu. Nikatazama na mimi. Nilikuwa nimesahau kuchomeka waya.

Hakunichongea, hilo nampa. Alinisubiri mlangoni, akasema mashine yangu ina imani kubwa sana. Halafu akauliza, kwa upole unaoudhi: ukiwa umeshaiambia isikie nini, masikio umeiwekea ya nini? Nikamwambia wivu haumpendezi.

Jumapili, 10 Agosti

Siku njema kabisa. Suchi amepika hilsa na haradali, nikanunua pazia la bluu la Chumba cha Tisa. Suchi akauliza vipimo vya dirisha nimevipata wapi. Nikasema kwa macho. Akauliza na chumba chenyewe nimekipata kwa macho? Huyu mwanamke angekuwa mwanasiasa.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika nikiwa nimeshiba. Nianze mwanzo.

Mvua ya kutosha kuelea. Waya ulikuwa mahututi. Haradhan, hilsa tumboni, aliwasha pampu mpaka madirisha ya maktaba yanatetemeka. Niliuchomeka waya, nikahakikisha mara mbili. Kaberi kona ile, mimi kona hii, wahadhiri wenzetu katikati. Profesa akapiga simu kutoka ofisini, akasema ujumbe unakuja, na atakayeupata afanye ulivyosema mara moja, asiulize maswali.

Mashine yangu ikachapa kabla hajakata simu. Kikao cha idara saa kumi. Chai itakuwepo! Niliusoma kwa sauti. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Nikasema jamani, amri ni amri, twendeni kikaoni. Wote wakanyanyuka. Kaberi peke yake alibaki ameinamia karatasi yake, anasoma, anasoma tena, kisha akatoka kwa mlango mwingine. Nilimhurumia kweli. Nikajiambia nikishahamia nitamkaribisha awe anakuja kupoa kwenye kiyoyozi.

Ukumbi wa vikao ulikuwa mtupu. Tukakaa. Haradhan akachungulia, akasema hakuna mtu aliyeagiza chai. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akatutazama tulivyolowa, akaenda. Akarudi na chai ya tangawizi na sinia la bilinganya za kukaanga zinazotoa moshi. Ah! Mvua nje, bilinganya ndani. Mara ubishi wa timu za mpira, Mohun Bagan na East Bengal, ukaanza, mtu akapiga meza, mwingine akaapa hatakula tena kamba, kitoweo cha mashabiki wa Mohun Bagan, maishani mwake, kisha tukageukia ni mto gani una hilsa mtamu zaidi, na hapo ndipo undugu ulitaka kuvunjika.

Profesa Lahiri akatokea mlangoni, kavutwa na kelele. Akauliza hiki ni kikao gani. Nikasema ni chako, Mama Profesa. Akasema hajaitisha kikao. Nikampa karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Kisha akavuta kiti, akachukua bilinganya, akasema kwa kuwa watu wameshafika, tuendelee.

Ndipo Kaberi akaingia, ufunguo unaning'inia kidoleni. Akaweka karatasi yake mezani. Herufi zote zilikuwa pale, pampu ilipita na haikuacha hata kovu: "Aliyepata ujumbe huu achukue ufunguo wa Chumba cha Tisa kwa Haradhan."

Kicheko, kicheko gani! Mzee Ghoshal wa Chumba cha Kumi na Moja alipaliwa na chai. Profesa alikiri kuwa mwaka huu aliamua kubadilisha sentensi, maana hata yeye alikuwa ameichoka. Nilitamani sakafu inimeze. Moyo uliniuma, sitaficha, lile dirisha nilikuwa nimeshaliota.

Lakini Kaberi akanisogezea bilinganya ya mwisho. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nina pazia la bluu la kuuza. Nimempa bure. Halikuwa limepimwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Bendera chuoni, peremende, hakuna vipindi. Kaberi keshahama, kwa hiyo chumba cha zamani ni changu peke yangu, na nimekisukuma kiti mahali ambapo paa halivuji. Kumbe siku zote iliwezekana. Kwa kweli nina raha.

Suchi, baada ya kucheka siku mbili mfululizo, ameuliza kama kuna somo nimepata. Nimemwambia lipo, tena kubwa. Nimekaa nalo asubuhi nzima. Kosa langu lilikuwa wazi kama mchana: niliitegemea sentensi ambayo imeshapitwa na wakati!

Mwakani Mzee Ghoshal anastaafu. Chumba cha Kumi na Moja kina veranda. Profesa amesema kitaamuliwa vilevile, kwa Waya Mgonjwa. Nimeifuta kabisa ile sentensi ya kikao kwenye mashine. Sasa, wayani kutoke chochote, itachapa: "Aliyepata ujumbe huu achukue ufunguo wa Chumba cha Kumi na Moja kwa Haradhan."

Nimeijaribu kabla ya chakula cha mchana. Haijakosea hata herufi.