Uso Wangu Kifuani pa Nathalie

Jumatano, 23 Februari 2011
Toka Ruti hapa Mbarara mpaka Uvira kwetu hakuna mkusanyaji wa beji za kampeni kama mimi, Appolinaire. Wagombea wenyewe wangenipigia saluti! Uchaguzi uliisha Ijumaa, watu wanatupa beji njiani, mimi navuna kama maharage. Njano, bluu, nyekundu. Sisi wakimbizi hatupigi kura. Sawa. Kuvaa vyama vyote kifuani nani amekataza?

Ila Jumamosi Nathalie anaondoka. Amerika! Familia nzima. Huko vijana ni wengi, tena nasikia meno yao yote yapo. Lazima aende na uso wangu kwenye beji.

Alhamisi, 24
Mbarara. Nimepiga picha ndogo. Nimetoka mzuri hadi mpiga picha akauliza kama kweli ni mimi. Kisha kambini kwa wanajeshi, kwa Mastula, mke wa sajini. Ana beji ya 1996, pana kama kisosi, bati zito, si takataka za siku hizi. Juu yake mgombea mwenye masharubu. Mastula anasema hata mama yake huyo bwana hakumpigia kura. Akataka kuku. Nilikuja naye. Kuku wa Mama.

Ijumaa, 25
Kashojwa, kwetu wakimbizi. Nimebandika picha yangu juu ya masharubu kwa uji wa muhogo. Safi! Nikaivaa kuijaribu. Jirani, Mzee Musoni, akauliza nagombea nini, na sabuni yake ya kampeni iko wapi. Nikamwahidi bomba la maji mlangoni. Akasema wagombea wote tunasema hivyo.

Mama anamtafuta kuku. Nimemwambia tumuombee.

Jumamosi, 26
Base Camp, wanakopandia basi. Mvua! Nathalie akaivaa beji. Akasema ataniangalia kila asubuhi. Uji ukalainika. Akipanda basi, uso wangu ukateleza, pwa! mu matope. Akatokea dirishani anapunga mkono, kifuani masharubu matupu. Rafiki yangu Néhémie akaniokota, akanipangusa: "Ndugu, kule batafikiri huyo wa masharubu ni papa yake."

Jumapili, 27
Mama amejua habari za kuku. Nalala kwa Néhémie. Mpango mpya: beji ya pili, gundi ya fundi viatu, nitaituma Amerika. Jogoo wa Musoni ananenepa vizuri.

Uji nausamehe. Mvua pia. Ila kabla ya kupanda, Nathalie alikataa mwavuli wa mama yake, akasimama mbele yangu analoa. "Appo, uko na neno?" Nikamweleza tofauti ya beji za 1996 na za leo. Akasikiliza yote, mpaka dereva akapiga honi.

Neno nilikuwa nalo. Sikulisema.